Mahari ya Mama

Hadi leo, nikisikia mtu anapuliza kipaza sauti, puh puh, "aloo, aloo, moja mbili," tumbo langu huitika kabla ya masikio. Haijalishi ni harusi, mkutano wa injili au muuza dawa ya panya aliyefunga spika juu ya gari pale Tunduma. Naanza kuangalia mlango uko wapi. Mume wangu ameshazoea. Tukialikwa sherehe, yeye hutafuta kiti karibu na chakula, mimi natafuta kiti karibu na njia ya kutokea.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Nilizaliwa kwenye vilima hivi vya Mbozi, nikasoma hapa hapa, nikamaliza kidato cha nne, au tuseme kidato cha nne kilinimaliza mimi, kisha nikaolewa kijiji cha pili, ambako nikisimama juu ya shamba letu la kahawa naliona bati la nyumba ya mama yangu. Wanaokwenda mbali kutafuta maisha huwa nawaaga vizuri, nawafungia na maharage. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo kusimamishwa mbele ya umati, akiwa darasa la pili, hana meno ya mbele, aghani shairi. Yalinikuta. Na mpaka juzijuzi nilidhani nayajua yote yaliyotokea siku ile.

Mambo yalianzia kwenye kufuli.

Kijijini kwetu palikuwa na zahanati mpya. Wazee wetu waliijenga kwa mikono yao. Baba alifyatua matofali mpaka kucha zikageuka rangi, akina mama walisomba maji kutoka mtoni, na sisi watoto tulibeba mchanga kwenye visufuria tukiimba. Ilipoezekwa bati, ukuta ukapakwa rangi nyeupe na mstari wa buluu chini, mtu alikuja na kufuli kubwa kama ngumi ya baba, akalifunga mlangoni, akaondoka na ufunguo. Tukaambiwa nesi anakuja. Mahindi yakapandwa, yakavunwa, yakapandwa tena. Popo wakahamia darini. Nesi hakuja.

Mama alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia, uchungu ulimshika alfajiri, baba akakodi pikipiki kumpeleka hospitali Vwawa, wakafika nusu ya njia tu. Mdogo wangu alizaliwa kwenye shamba la kahawa la watu wasiotujua, mama akiwa ameshika shina la mbuni. Wakamwita Safari. Tulicheka sana kwa lile jina, ila mama alirudi nyumbani mweupe kama karatasi, akakaa kitandani hadi mvua zikakatika. Kwa hiyo tumbo lilipoanza kuonekana tena, nyumbani kwetu kicheko kilipungua. Nilimsikia bibi akimwambia baba jikoni, akidhani nimelala, "Hana damu ya kumwagika mara mbili, mwanangu." Tangu hapo nikawa na kazi. Mama akiinama kuokota kitu, mimi nashika tumbo langu. Akichelewa kutoka chooni, naenda kugonga. "Luti," alikuwa akiniuliza, "wewe ni mwanangu au ni mlinzi wangu?"

Jina langu ni Ruth. Luti ndivyo nilivyoitwa na kila mtu, kwa sababu sisi tuliokulia kwenye Kinyiha, r na l tulizichanganya kama mahindi na maharage kwenye sufuria la kande. Tulisema "kalibu," tulisema "fulaha," na hakuna aliyepungukiwa kitu.

Aliyepungukiwa alikuwa Mwalimu Zahara. Yeye alitoka Tanga, aliletwa shuleni kwetu na ajira, na baridi yetu ilimtesa mpaka akawa anafundisha amejifunga vitenge viwili juu ya sweta. Kwao, alituambia, watu hughani mashairi kama sisi tunavyokunywa uji. Ukitaka kumwonya jirani, shairi. Ukitaka kumposa mtu, shairi. Mama zetu walimwelewa haraka, maana na wao walikuwa na lao: jioni za kupukuchua mahindi, wakikaa duara, waliimba nyimbo za kuwasema waume zao, na mume akipita alijidai hasikii, ila kesho yake utaona paa lililokuwa linavuja limezibwa.

Basi zikaja habari kwamba mkubwa mmoja kutoka wilayani atakuja kuzindua madarasa mapya. Mkutano wa kijiji ukaitwa kupanga risala. Watu wakataka zahanati iandikwe ya kwanza. Mtendaji wa kijiji, mtu mpole aliyeogopa kila mtu mwenye gari, akakataa. "Mgeni anakuja kwa furaha, jamani. Huwezi kumkaribisha mtu halafu unamtupia kero usoni. Risala itakuwa ya shukrani." Watu wakaguna, wakaondoka wamevimba. Mwalimu Zahara aliuliza kwa sauti ya chini kama watoto wanaweza kuandaa shairi kidogo. Mtendaji hakuinua hata macho. "Shairi la watoto? Waghani wanachotaka, mradi wasizidishe muda."

Jioni ile mwalimu akaja nyumbani. Mimi, kama kawaida yangu mgeni akibisha hodi, nilikuwa nyuma ya mlango. Akanitoa huko akiwa ameshika sikio langu kwa upole. "Huyu hapa," akamwambia mama. "Huyu ndiye atakayeghani."

Nilifurahi kwa kiburi ambacho sijakirudia tena maishani. Kwamba mwalimu, katika watoto wote, ameisikia sauti yangu! Nilijiona ni kinanda cha kanisa. Kiburi kilidumu mpaka nilipolala. Asubuhi niliamka na homa ya uongo, bibi akanigusa paji la uso akasema, "Homa hii ina miguu, itakwenda shule."

Shairi lilikuwa na beti chache, mwanzo mzuri wa kusifia madarasa na mawe ya msingi. Ubeti wa mwisho ndio uliobeba mzigo:

*Mgeni tunalo swali, usione twagombana,*
*Nyumba ile ni kamili, bati lang'aa mchana,*
*Mlango una kufuli, funguo hatujaona,*
*Tupe mahali pa mama, ajifungue salama.*

Niliushika siku hiyo hiyo. Shida ilikuwa ulimi. Mwalimu Zahara hakuweza kuvumilia "kalibu mgeni wetu" mbele ya mkubwa. Akanifundisha r kwa nguvu zote, nikiwa na maji mdomoni, nikiwa sina, nikiigiza pikipiki inayopanda mlima wa kwenda Iyula. Rrrr. Kaka yangu Eliya, aliyekuwa darasa la sita na aliyeumbwa ili kunikera, alinifuata kila mahali. "Luti, sema rula ya Rehema imerowa!" Baada ya siku kadhaa r ilikuja, lakini ilikuja na ndugu zake wote. Nikaanza kuitia hata kusikohitajika. Swari. Kamiri. Kufuri. Mwalimu akashika kichwa. "Ruth, mwanangu, sasa umemwaga gunia zima la chumvi."

Jioni nilifanyia mazoezi nyumbani, na hapo ndipo wasiwasi ulipozidi, kwa sababu watu walianza kuja. Kwanza majirani, na vikapu vyao vya mahindi ya kupukuchua. Halafu wasio majirani. Kwa nini watu wazima wanapanda mlima kuja kumsikiliza mtoto mwenye mapengo? Waliniambia nirudie, nikarudia. "Hapo kwenye kufuli, kaza," alisema Mama Tumaini, jirani yetu ambaye sauti yake ilifukuza ngedere bila msaada wa mbwa. "Na ukikosea, usilie. Unasikia? Ukilia mgeni ataona tumekutuma." Baba, mtu wa maneno machache, alisimama mlangoni na kofia yake mkononi kama yuko ibadani. "Rudia," alisema. Basi. Nikitazama tumbo la mama, lililokuwa sasa limeshuka chini, niliamini kwamba herufi moja ikiniponyoka, mlango ule hautafunguka na mama atashika tena shina la mbuni.

Jioni moja, Mwalimu Zahara naye akiwepo, alikuja Mzee Yesaya. Yeye alikuwa mshenga. Karibu ndoa zote za kijiji zilipitia mdomoni mwake. Ndiye aliyekwenda kudai mahari na ndiye aliyekwenda kuomba ipunguzwe, wakati mwingine kwa watu walewale. Nikaghani, na nilipofika mwisho nikasema, kwa r safi kuliko zote nilizowahi kutoa, "Tupe mahari pa mama."

Duara lote likaanguka kicheko. Mama Tumaini alimwaga mahindi yake. "Mahari ya mama! Baba Eliya, kumbe binti ameshajua?" Baba akageuka ukutani. Mimi nikataka ardhi inimeze. Mzee Yesaya peke yake alikuwa ameacha kucheka. "Hebu rudia," akasema. Nikasahihisha haraka: mahali. "Aha," akasema, kama mtu aliyenyimwa sukari. Alipoondoka alimsindikiza Mwalimu Zahara, na niliwaona wamesimama kwa muda mrefu kwenye migomba, mwalimu akitikisa kichwa, kisha akitazama nyumba yetu, kisha akiacha kutikisa.

Tangu siku hiyo mwalimu hakunisahihisha tena. Nikisema mahali, anaitikia "haya." Nikisema mahari, "haya" vilevile. Nikajua nimepona. Nilikwenda kulala kila siku nikijipongeza kimoyomoyo, na kila asubuhi niliamka nikiwa na mashaka upya.

Siku yenyewe tulipangwa uwanjani tangu asubuhi. Jenereta lilinguruma, spika zikapiga nyimbo za kwaya, fundi akapuliza kipaza sauti, puh puh, aloo aloo, na ndipo tumbo langu lilipojifunza tabia yake. Mtendaji alikuwa amepanga meza kuu chini ya turubai kwa uangalifu mkubwa: mgeni alipewa kiti kilichoelekea madarasa mapya, mgongo wake ukielekea zahanati. Sisi wote tuliokaa mbele yake tuliiona ile nyumba nyeupe nyuma ya bega lake. Yeye tu ndiye hakuiona.

Mgeni alifika jua likiwa limeshachoma shingo zetu. Alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, na kijana wa kumshikia mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mti uliopinda. Sikuwahi kuona mwavuli mzuri vile. Risala ikasomwa, ikashukuru, ikashukuru tena. Mgeni alipiga miayo kwa adabu, kiganja mdomoni. Mama alikuwa mbele kabisa, kwenye mkeka, ingawa bibi alimkataza kutoka. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nikajua ananiombea.

"Mheshimiwa," Mtendaji akasema, "watoto wetu wana kashairi kadogo tu."

Fundi alishusha kile kipaza sauti mpaka kimo changu, kikapiga kelele kwiii, watu wakaziba masikio, nami nikaona hiyo ni ishara kwamba nirudi nyumbani. Miguu haikukubali. Nikaanza. Sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa yangu, ilikuwa ya mtoto mwingine mkubwa aliyejificha nyuma ya turubai. Beti za mwanzo zikaenda. Mgeni akatabasamu kwa yale mawe ya msingi. Nikafika kwenye swali, nikafika kwenye bati, nikafika kwenye kufuli, nikakaza kama nilivyoagizwa. Nikaona tabasamu la mgeni limesimama. Nikaona Mtendaji ameshika ukingo wa meza. Ndipo hofu ikanipanda kichwani, r na l zikagombana mlangoni, na iliyoshinda ikatoka kwa spika mpaka ng'ambo ya bonde:

"Tupe maharrri pa mama, ajifungue sarama!"

Uwanja ukapasuka. Watu walicheka wakishikana mabega. Wengine walimgeukia baba, naye akavuta kofia mpaka puani. Sikulia. Nilikumbuka nilivyoambiwa nisilie, nikaishika midomo yangu kwa meno ambayo sikuwa nayo.

Mgeni hakucheka. Aliinama juu ya meza. "Mtoto, nani amekufundisha kusema hivyo?"

Kicheko kikakatika kama maji ya bomba lililofungwa. Mtendaji alikuwa ameanza kuinuka. Mwalimu Zahara alitazama viatu vyake. Na mimi nikasema ukweli wote niliokuwa nao.

"Shikamoo. Nimekosea. Ni mahali. Mwalimu amenifundisha mahali, nimesahau."

Yule mtu akanitazama kwa muda ambao mpaka leo haujaisha. Halafu kitambi kikaanza kutikisika. Akavua miwani, akacheka mpaka akafuta machozi kwa tai.

Hapo ndipo Mzee Yesaya aliposimama katikati ya watu, amevaa koti lake la kwenda kuposa. "Mheshimiwa, naomba radhi. Mahari ya mama wa mtoto huyu niliisimamia mimi, ng'ombe walifika, baba yake hana neno. Kwa hiyo anayedaiwa hapa si baba yake." Akageukia meza kuu. "Anayedaiwa amekaa mezani."

"Eeeh!" umati ukaitika.

"Nadaiwa na mama yupi?" mgeni akauliza, bado anacheka.

Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka, taratibu, mkono mmoja kiunoni na mwingine chini ya tumbo. Lile tumbo likamaliza kusema kila kitu.

Mgeni akaacha kucheka. "Na hilo kufuli liko wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyeinua mkono. Ila sisi watoto tulinyoosha vidole, darasa la kwanza mpaka la saba, wote kuelekea nyuma ya bega lake. Ikabidi ageuke na kiti chake kizima. Aliitazama ile nyumba nyeupe, bati likimpiga machoni, na popo wawili watatu wakatoka darini kana kwamba nao walikuwa wamefanya mazoezi.

Alipotugeukia alisema mahari hiyo ataileta mwenyewe, tena mapema. Watu wakapiga makofi, lakini Mzee Yesaya hakukaa. "Mheshimiwa, kwetu mtu akitamka mahari haondoki hivi hivi. Anaacha kitu, wakwe walale usingizi."

Mgeni akapapasa mifuko, akamtazama kijana wake, akacheka tena, akautoa ule mwavuli. Ulitundikwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye msumari juu ya ramani ya Tanzania, na sisi watoto tulikuwa tunatumwa chaki kwa zamu ili tukautazame.

Kahawa haijaanza kuiva, gari la wilaya likapanda mlima. Nesi alikuwa ndani na godoro lake na kreti za dawa. Kabla mizigo haijashushwa, dereva akachungulia dirishani akauliza, "Mwavuli wa mzee uko wapi?"

Mdogo wangu alizaliwa ndani ya nyumba ile nyeupe, kukiwa na taa na maji ya moto na bibi amefukuzwa nje kwa kuongea sana. Kanisani ameandikwa Esta. Mtaani, mpaka leo na watoto wake watatu, anaitwa Mahari. Nyumbani kwetu ukiita Safari na Mahari wanaitika pamoja, na wageni hudhani tunatania.

Mimi niliishi miaka mingi na fahari yenye aibu ndani yake: kwamba nilichaguliwa kwa sauti yangu, nikakosea, na Mungu akageuza kosa langu kuwa heri. Juzijuzi, tukipukuchua mahindi kwa mama, kaka Eliya akanianza kama kawaida. "Ruti, rete ungo." Nikamjibu kwamba acheke tu, lakini katika watoto wote wa shule sauti iliyochaguliwa ilikuwa yangu.

Mama aliweka hindi chini. "Sauti?" akasema. "Luti, mwanangu, ulikuwa na sauti ya kifaranga aliyenyeshewa."

"Sasa kwa nini mimi?"

"Baada ya ule mkutano tulikaa kwa mwalimu tukawapitia watoto wote. Tulitaka mtoto ambaye mtu mzima hawezi kumkasirikia. Mwenye mapengo. Mwoga, ambaye kila mtu ataona hajui kusema uongo. Mtu mzima angeitwa ofisini. Wewe wangekuita wakupe nini, peremende?"

Nikacheka, ingawa kuna kitu kilinichoma kidogo. Nikamwambia basi angalau wamshukuru Mungu kwa lile kosa, maana bila lile kosa yule mtu angekasirika.

Mama na Eliya wakatazamana. Eliya akainama ghafla kutafuta punje zilizoanguka, yeye ambaye hajawahi kuokota kitu nyumbani.

"Yesaya ndiye aliyeliona," mama akasema. "Usiku ule ulipokosea tukacheka. Akasema mgeni akicheka hataweza tena kukasirika, na akitamka mahari kwa mdomo wake, yeye Yesaya atamfunga. Mwalimu alikataa kwanza. Akasema tukikuambia useme hivyo, ukiulizwa utaonekana umefundishwa, na utaogopa zaidi. Kwa hiyo tukaamua usiambiwe. Mwalimu aliacha tu kukusahihisha."

"Na kama ningesema vizuri?"

Alirudisha hindi kwenye kiganja, akalisokota, punje zikadondoka kwenye ungo kama mvua ya mwanzo.

"Ndiyo maana nilikuja mwenyewe nikakaa mbele," mama akasema. "Wewe ulikuwa unaogopa kukosea. Sisi wengine wote, uwanja mzima, tulikuwa tunaomba ukosee."